Kadi ya grafiki ya dola 549 hadi 749: nazipanga hivi

Januari 2025, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alisimama jukwaani Las Vegas akatangaza kuwa RTX 5070 ya dola 549 itafikia nguvu ya RTX 4090, kadi iliyozinduliwa kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilitegemea DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ambayo katika kila fremu (picha moja ya gemu) nne huweza kubuni tatu. Macho yanaona picha laini, lakini mausi haiitikii kwa haraka zaidi. Ndiyo maana nasisitiza: anza na vipimo visivyo na fremu za kubuni.

Wastani nao hupoteza watu. Kadi inaweza kuandikiwa fremu 100 kwa sekunde, kumbe pale maadui wanapojaa inashuka hadi 40, na hapo ndipo unapouawa. Tazama kipimo cha asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu zinazochelewa zaidi, na kiwe cha skrini ya 1440p. Kwenye 1080p, yenye nukta chache zaidi, mara nyingi prosesa ndiyo inayokwama, kwa hiyo kadi zote zinaonekana sawa.

Bei ninazotaja ni za uzinduzi Marekani. Huku kwetu ongeza usafiri na ushuru.

Kwa gemu, naiweka mbele Radeon RX 9070 XT ya kampuni ya AMD, dola 599. Ina memori ya GB 16 na inaikaribia sana RTX 5070 Ti ya dola 749. Inakula wati 304, basi tafuta pawa saplai ya wati 750 iliyo imara. Pima na kesi ya kompyuta yako pia, maana kadi nyingi za aina hii zina urefu unaozidi sentimita 30.

RTX 5070 Ti ni ya pili, ila kwa anayetengeneza picha za 3D kwa programu ya Blender au anayetumia programu zinazodai CUDA (mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi), hiyo ndiyo ya kwanza bila mjadala. Nayo ina GB 16, na kwenye ray tracing nzito (kukokotoa mwanga wa gemu uonekane kama wa kweli) inaipita Radeon waziwazi.

RX 9070 ya kawaida, dola 549 na wati 220, inamfaa mwenye pawa saplai ndogo.

RTX 5070 naiweka mwisho kwa sababu ya GB 12. Mwendo wake leo ni mzuri, lakini memori ya kadi haiongezwi kama RAM. Gemu nzito ikishaijaza, zile fremu za chini ndizo zinazoporomoka kwanza.