Miaka mitatu na kipima densiti cha bia: uzoefu wangu

Kiwanda chetu ni kidogo, kiko Arusha, na maabara yake ni chumba kimoja chenye sinki, friji na meza ya zege. Mezani pamekaa kipima densiti cha mrija unaotetema, tulichonunua kikiwa mtumba, na ubavuni mwake kuna kifaa kinachosoma kilevi kwa mwanga wa infraredi. Vinahitajika vyote viwili. Densiti ni uzito wa kitu kwa ujazo wake: sukari iliyobaki kwenye bia huipandisha, kilevi huishusha, kwa hiyo ukiwa na densiti peke yake huwezi kujua nani kavuta zaidi.

Jina la aliyeitengeneza naliacha, maana makosa mengi nitakayoyasimulia ni yetu sisi. Mashine ya kwanza ya kidijitali ya aina hii ilitolewa na Anton Paar wa Graz, Austria, mwaka 1967, na leo wanaozitengeneza ni wengi, ila kanuni haijabadilika. Mrija wa kioo wenye umbo la U unatetemeshwa. Ukijazwa kitu kizito unatetema polepole, chepesi unatetema haraka. Mashine inachojua kwa hakika ni muda wa mtetemo tu. Wewe ndiye unayeifundisha kwa vitu viwili ambavyo densiti yake haina ubishi: hewa kavu, na maji safi ambayo kwa nyuzi 20 lazima yasome 0.99820 (gramu kwa sentimita ya ujazo).

Hewa ilinitoa jasho wiki ya kwanza. Maji yanapita, hewa inagoma. Mashine inasoma 0.00102, wakati karatasi aliyoniachia mtangulizi wangu inataka 0.0012. Nikawa na kidole juu ya kitufe cha kurekebisha. Kabla sijabonyeza nikampigia dada mmoja anayefanya kazi kama yangu Dar. Akaniuliza mgandamizo wa hewa nimeutoa wapi. Nikamwambia kwenye simu, programu ya hali ya hewa, inasema hektopaskali 1,016. Akacheka. "Kaka, hiyo wameihesabu kana kwamba uko usawa wa bahari. Wewe si uko mlimani?" Kweli, mji wetu uko kama mita 1,400 juu, na mgandamizo halisi hapa ni karibu 860. Hewa yetu ni nyepesi, mashine ilikuwa inasema kweli, karatasi ndiyo ilikuwa ya pwani. Kwa bia kosa hilo lisingeonekana hata, kwa sababu densiti yake iko jirani na ya maji. Ila kwenye etanoli safi, yaani kilevi kitupu, ambacho ni chepesi kuliko maji, lingejitokeza. Mashine mpya nyingi zina kipima mgandamizo ndani yake. Yangu haina, nikanunua baromita.

Jambo kubwa zaidi lilikuja mwezi wa nne. Maji ya asubuhi yakaanza kupanda: 0.99823, wiki inayofuata 0.99826, mwishowe 0.99831. Unaweza kusema tofauti ya 0.0001 ni nini bwana. Kwenye bia hiyo ni kama 0.025 ya digrii Plato (kipimo cha sukari cha watengeneza bia), ndogo, lakini ilikuwa inapanda upande mmoja tu. Tukamwita fundi wa kampuni ya huduma. Alikuja, akabonyeza kurekebisha, maji yakasoma 0.99820, akaandika cheti, akaondoka na malipo yake. Kwenye cheti hakuandika mashine ilikuwa inasoma nini kabla hajaigusa. Baada ya wiki tatu tukarudi palepale.

Ulikuwa uchafu. Tulikuwa tukimaliza kupima tunasukuma spiriti moja kwa moja ili mrija ukauke haraka. Spiriti inagandisha protini za bia, zinajipaka kwenye kioo kama ukoko wa uji ndani ya sufuria, na mrija unazidi kuwa mzito. Siku hizi ni maji ya uvuguvugu kwanza, mengi, ndipo spiriti, ndipo pampu ya hewa. Kila Ijumaa naweka sabuni ya maabara yenye kimeng'enya, inakaa ndani dakika kumi na tano, kisha nasuuza mpaka nichoke. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, maji yakasoma 0.99811. Maana yake yule fundi alikuwa ameifundisha mashine kwamba ukoko ni sehemu ya kioo. Nikarekebisha, hewa na maji, mrija ukiwa safi. Sijakigusa tena kitufe kile kwa mwaka na zaidi. Kuhakiki, yaani kusoma tu bila kubonyeza kitufe, ni kila asubuhi. Kurekebisha ni mpaka uwe umeosha mara mbili na bado inagoma.

Na andika namba ya kabla, jamani. Hata kama fundi anaona unamchelewesha.

Mengine kwa haraka. Bia itolewe gesi kwa kutikiswa kwenye chupa ya maabara, halafu ichujwe kwa karatasi huku umefunika kwa kioo, la sivyo kilevi kinaruka. Kiputo kimoja mrijani kinashusha usomaji na namba inachezacheza haitulii. Chembe za kukausha hewa ya pampu zikigeuka kutoka bluu kuwa waridi, zirudi kwenye oveni. Umeme ukikatika, ngoja mashine irudi nyuzi 20 na itulie.

Maji safi ya kuhakikia (yaliyotoneshwa) yaliwahi kutuishia, kijana wetu akakimbilia duka la vipuri vya magari akarudi na chupa ya "maji ya betri". Dukani kuna chupa mbili zinazofanana: moja maji, moja tindikali. Akaweka ya tindikali, mashine ikasoma 1.2 na kitu. Bahati alikuwa anahakiki tu, harekebishi. Tulisuuza mchana kutwa, na kesho yake maji yakapita.

Ningenunua tena? Ndiyo, lakini yenye baromita yake na kidirisha cha kuona mrija kwa kamera. Ya kwangu naichungulia kwa tochi ya simu.