MikroTik CRS326 kwa storeji ya iSCSI: uzoefu wangu Mombasa

Kama unatunza seva za ofisi isiyo kubwa na unajiuliza iwapo swichi ya MikroTik CRS326-24G-2S+RM inaweza kubeba storeji ya iSCSI (diski zinazotumiwa kupitia mtandao), inaweza, na vizuri sana. Ila usiitoe kwenye boksi ukaichomeka na kuondoka.

Ofisi yetu ni ya wakala wa forodha, iko Shimanzi. Tuna seva mbili za Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe) na NAS moja (kisanduku cha diski cha mtandao) inayoshika diski za mashine pepe zote. Zamani data ya storeji ilipita kwenye swichi ile ile ya kamera, simu na kompyuta za mezani. Kazi ikipamba moto mchana, mfumo wa uhasibu unaganda, unarudi, unaganda tena. Kila mtu alilaumu NAS, na NAS haikuwa na neno: fremu, yaani vifurushi vya data, zilikuwa zinadondoka kwenye swichi. iSCSI ni amri za diski zilizofungashwa ndani ya TCP, na pakiti ikipotea TCP hungoja kisha ikatuma upya. Kwenye kuvinjari intaneti hata hutagundua. Diski ikingoja, kila kinachoitegemea kinangoja nayo.

Nilinunua swichi mbili, na hapo sioni cha kujadili. Kila seva ina kebo moja kwa kila swichi, kila swichi ina subneti yake (kundi lake la anwani za IP), na swichi zenyewe hazijaunganishwa. Multipath ya Linux, inayoiwezesha seva kufikia diski kwa njia zaidi ya moja, ndiyo inayogawa mzigo. Wengi hukimbilia LACP, yaani kufunga nyaya kadhaa ziwe kama moja, lakini sesheni moja ya TCP hubaki kwenye waya mmoja hata ukifunga nyaya nne pamoja.

Kilichonichukua muda ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Nilitaka fremu kubwa za baiti 9000. Kwenye RouterOS, mfumo wa swichi hii, L2MTU ndiyo inayoamua swichi ipitishe fremu ya ukubwa gani, na hapa inafika baiti 10218. Ipandishe kwenye porti zote za storeji, kisha weka 9000 kwenye seva na NAS. Halafu usiamini namba ulizoandika, jaribu kwa `ping -M do -s 8972`. Hizo 8972, ukiongeza baiti 20 za IP na 8 za ICMP, ni 9000 kamili. Ping ikikataa huku ping ya kawaida inapita, kuna mahali njiani bado pamebana. Ukipaacha hivyo, iSCSI itaunganika bila shida kwa sababu salamu za mwanzo ni pakiti ndogo, kisha itaganda data halisi ikianza kutiririka. Fundi anaweza kukesha akitafuta ubovu kwenye diski.

Udhibiti wa mtiririko huja umezimwa. Nimeuwasha pande zote mbili, ili anayelemewa aombe mwenzake asubiri kidogo badala ya fremu kumwagika. Nimefanya hivyo kwa kuwa swichi hizi ni za storeji peke yake. Kwenye swichi ya ofisi nzima nisingethubutu. Porti za seva nimeziwekea `edge=yes` kwenye RSTP (inayozuia mizunguko ya mtandao) ili seva ikiwaka upya isingoje. Tena weka porti zote kwenye briji moja, yaani kundi moja la porti, na uhakikishe kila moja ina alama ya H (chipu ya swichi ndiyo inayobeba data). Briji ya pili hupitia prosesa ndogo ya swichi, na kasi huanguka vibaya.

Tulipomaliza nilichomoa kebo za swichi ya kwanza faili kubwa ikiwa inanakiliwa. Kunakili kulisita kidogo, `multipath -ll` ikaonyesha njia moja imekufa, kazi ikaendelea. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshusha `replacement_timeout` (muda wa kungoja njia irudi) ya open-iscsi, programu ya iSCSI kwenye Linux, kutoka sekunde 120 za kawaida hadi 15. Usiposhusha, seva inaweza kung'ang'ania njia iliyokufa kwa dakika mbili nzima huku karani wa maingizo anakuita.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba swichi hii haina feni. Mombasa feni huvuta vumbi na hewa ya chumvi mpaka ndani ya vifaa, na kutu huanza mapema. Umeme wake unatoka kwenye adapta ndogo ya nje, kwa hiyo kila swichi nimeipa UPS yake. Stima hapa inapotea bila taarifa, na swichi zote mbili zikitegemea UPS moja, huo uwili hauna kazi.

Pale nisipoipendekeza ni kwenye seva nyingi za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde). Porti za SFP+, ndizo za 10G, ni mbili tu. Ukichomeka NAS ya 10G huko na kuiacha imiminie seva za gigabiti 1, data huingia kwa kasi kuliko inavyotoka, bafa (kumbukumbu ya muda ya swichi) inajaa, fremu zinaanza tena kudondoka. Kwa mzigo huo tafuta swichi yenye 10G kila upande.