Full Metal Jacket: usiruke kwata, wala usizime baada yake

Mara ya kwanza kuiona filamu hii nilikuwa shule ya msingi, kwenye kibanda umiza, na niliiona nusu. Watu walipiga kelele kwamba wamelipa kuona vita, si kuona vijana wakipiga kwata, basi mwenye banda akaipeleka mbele sehemu yote ya mafunzo. Kwa miaka mingi kwangu ilikuwa ni picha ya mji uliobomoka, moshi, na mdunguaji asiyeonekana. Nilikuja kuitazama yote nikiwa mtu mzima, nikiwa nimeshapita miezi mitatu ya mafunzo ya kijeshi baada ya kidato cha sita. Tangu hapo nimeirudia mara nne. Ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, pamoja na mdogo wangu anayesubiri zamu yake ya kwenda kambini. Nitasimulia yaliyomo hadi mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa, itazame kwanza.

Ni kazi ya Stanley Kubrick, ilitoka mwaka 1987, dakika 116. Imetokana na riwaya ya Gustav Hasford, ambaye mwenyewe alikuwa Marine, askari wa kikosi cha wanamaji cha Marekani, na mwandishi wa habari wa jeshi kule Vietnam, kama alivyo Joker, kijana anayetusimulia. Inaanza na vichwa vikinyolewa. Kijana mmoja baada ya mwingine, mashine inapita, nywele zinaanguka sakafuni, na tayari huwezi kumtofautisha huyu na yule. Kisha tunaingia kwenye bweni la makuruta kule Parris Island, South Carolina, na sauti ya Sajenti Hartman inaanza. Haikomi kwa dakika arobaini na ushee.

R. Lee Ermey, aliyemcheza Hartman, alikuwa mwalimu wa kwata wa kweli katika Marine miaka ya 1960, akapelekwa na Vietnam. Kubrick alimchukua kwanza kama mshauri tu, akaishia kumpa nafasi yenyewe. Aliyewahi kusimama mguu sawa alfajiri ataona tofauti mara moja. Tazama anavyotembea katikati ya vitanda bila haraka, anavyosogeza uso hadi ukingo wa kofia yake unakaribia kumgusa kuruta, anavyompa kila mtu jina jipya ndani ya dakika chache na lile la mama yake likafa hapo hapo. Matusi yake ni mazito, mengine ya ubaguzi wa rangi, na hayachekeshi ukikumbuka nani anayapokea. Kwenye kibanda umiza mtafsiri angeyageuza kichekesho. Tafuta nakala isiyotafsiriwa, usikie sauti yenyewe na ukimya unaoifuata.

Anayepokea mengi zaidi ni Leonard, mnene, mzito wa kuelewa, aliyebandikwa jina la Gomer Pyle. Vincent D'Onofrio aliongeza zaidi ya kilo 30 kwa ajili ya nafasi hii, na uzito huo unauona anapopanda ukuta na kukwama juu, anapokimbia huku wenzake wakimvuta kwa mikono. Siku moja Hartman anakuta donati kwenye sanduku lake. Hamwadhibu Leonard. Anawaadhibu wengine wote, na Leonard anasimama pale akiila donati huku wenzake wakipiga pushapu.

Hapo ndipo filamu ilipokoma kuwa ya Wamarekani kwangu. Kwenye hanga letu alikuwepo mwenzetu aliyekuwa hawezi kulingana na hatua, kushoto kwake kilikuwa kulia kwetu, na mara mbili tatu kombania nzima tulikula doso kwa sababu yake. Kuruka kichura, kugaagaa kwenye vumbi, hadi jua linazama. Hatukumpiga. Tulimnyamazia. Akija na sahani yake tulijifanya hatumwoni, akisalimia tulijibu kwa mdomo nusu. Afande aliyetoa adhabu alikuwa ameshaisahau jioni hiyo hiyo, lakini sisi tuliibeba wiki nzima na kumtua nayo yeye. Kwa hiyo vijana wa Hartman walipoinuka usiku na sabuni zilizofungwa kwenye taulo, wakamkandamiza Leonard kwa blanketi na kuanza kumpiga, sikuwashangaa. Niliwafahamu.

Na Joker ndiye aliyeniumiza. Yeye ndiye aliyemfundisha Leonard kufunga buti, kutandika kitanda, kuvuka kamba. Anasita kando ya kitanda, kuruta mwenzake, Cowboy, anamhimiza, halafu anapiga, na akishaanza anapiga zaidi ya wengine. Baadaye analala huku ameziba masikio asisikie kilio. Mdogo wangu hapo aliniomba nisimamishe, akatoka nje kidogo, akarudi.

Watu wengi husema filamu inaishia chooni, usiku ule Leonard anapompiga risasi Hartman na kisha kujiua, na kwamba Vietnam inayofuata ni kiambatisho tu. Nimebishana na marafiki zangu juu ya hili na bado nabisha. Nakubali kwamba viungo vinalegea. Tunatupwa Da Nang ghafla, kwenye ofisi ya gazeti la jeshi, kuna mizaha mingi na mazungumzo yanayoelea. Wavietnam karibu wote ni makahaba, wezi au maiti, na hilo linanikera kila ninaporudia, kwa sababu ni nchi yao na mji wao unaobomolewa. Lakini ukishuka njia hiyo hadi mji wa Hue, utaona kwamba nusu ya pili inajibu nusu ya kwanza karibu neno kwa neno.

Kumbuka Hartman akiwa na makuruta kwenye ngazi. Anawauliza kuhusu Charles Whitman, aliyewapiga watu risasi kutoka juu ya mnara wa chuo kikuu kule Austin mwaka 1966, na Lee Harvey Oswald, aliyemuua Rais Kennedy mwaka 1963. Anajivunia kwamba wote wawili walijifunzia shabaha katika Marine. Anaahidi vijana wake watafikia kiwango hicho. Sasa nenda Hue, mashambulizi ya Tet, yaani ya mwaka mpya wa Kivietnam, mwaka 1968. Kikosi kizima kimelala nyuma ya kifusi, wenzao wawili wanapigwa risasi mguuni, mkononi, moja moja, ili wengine watoke kuwaokoa. Cowboy anakufa kwa risasi iliyopenya tundu la ukuta. Joker anaingia kwenye lile jengo, mdunguaji anageuka, na ni msichana mwenye nywele za kusuka, peke yake. Katika filamu nzima hakuna mlenga shabaha anayemfikia. Kila alichokihubiri Hartman anacho yeye, na Hartman hakumfundisha.

Bunduki ya Joker inakwama, mwenzake ndiye anayempiga msichana risasi. Msichana amelala chini anasali, kisha anaomba wammalize. Wanaume wamesimama kumzunguka katika duara, kama walivyozunguka kitanda cha Leonard. Joker anasita tena. Kamera inabaki usoni mwake muda mrefu kupita tunavyoweza kuvumilia, na kofia yake ya chuma bado imeandikwa kwamba amezaliwa kuua, na kifuani ana beji ya amani. Halafu anapiga. Aliyeruka kwata hawezi kuona kitanda ndani ya duara hilo. Nami sikukiona, miaka ile ya kibandani.

Hue hiyo, kumbe, ni London. Kubrick alitumia kiwanda cha zamani cha gesi kule Beckton kilichokuwa kinasubiri kubomolewa, akaleta mitende kutoka nje. Wengine wanalalamika kwamba anga ni la kijivu mno na hakuna joto la Vietnam. Ni kweli, hakuna. Mimi ubaridi ule umenifaa, maana vita vya Hue vilikuwa vya ukuta kwa ukuta na mlango kwa mlango kwa karibu mwezi mzima, na zege lile lililochanika kwa kubomolewa kweli lina uzito ambao seti ya mbao haiwezi kuwa nao.

Isiwe ya watoto. Na kama nyumbani kuna mtu aliyempoteza ndugu kwa kujiua, mwambieni mapema kilichomo chooni.

Mwishoni askari wanatembea usiku, moto nyuma yao, wanaimba wimbo wa Mickey Mouse, wimbo wa kipindi cha watoto cha televisheni ya kwao. Wamebaki vivuli tu, na sauti zao zimelingana vizuri. Mdogo wangu aliniuliza kama na sisi tuliimba hivyo. Tuliimba, kila alfajiri, kwenye mchakamchaka, na nikamwimbia mbili tatu papo hapo bila kusahau hata mstari. Akaniuliza yule mwenzetu wa hatua zisizolingana alikuwa anaitwa nani. Nilikaa nikifikiri hadi majina ya waigizaji yakaisha kwenye skrini, na lililonijia ni lile la utani tu tulilombandika sisi.