Uzoefu wangu: majuma sita ya kusoma besiboli na maktaba ya mji wetu

Nilijiandikisha kwa ajili ya mwanangu wa miaka kumi na mmoja, wala sikutarajia kupata chochote mimi mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Voi, Kenya, na kwa miaka saba sasa ninaishi na familia yangu katika mji mdogo wa jimbo la Missouri, Marekani, mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Kansas City. Kila mwaka, baridi inapoanza kupungua, maktaba ya umma ya hapa kwetu huwaalika wakazi wote wasome kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kisha wakutane kukijadili. Utaratibu huo ulianzia Seattle mwaka 1998, mkutubi Nancy Pearl akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, na Chicago ikaufuata mwaka 2001 kabla haujaenea katika miji mingi. Safari hii mada ilikuwa besiboli, na kitabu kilichochaguliwa kilieleza historia ya Ligi za Weusi, ambazo Wamarekani weusi walijiundia baada ya kufungiwa milango ya ligi kuu.

Huduma yote hutolewa bure kwa mwenye kadi ya maktaba. Kuna toleo la watu wazima, toleo la watoto lenye picha, na toleo la kusikiliza kwa simu. Kulikuwa na mikutano minne ya majadiliano, somo moja la kuandika kumbukumbu za mchezo, na safari ya Jumamosi kwenda Kansas City.

Nianze na somo lile la kumbukumbu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Mwalimu alikuwa mzee mmoja wa kujitolea ambaye amehudhuria mechi tangu utotoni. Alitugawia karatasi zenye safu za visanduku, na ndani ya kila kisanduku kulikuwa na umbo dogo la almasi, mfano wa uwanja wenyewe wenye vituo vinne. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, anayelinda kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea hadi 9. Mpira ukipigwa kwa mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu, akamrushia mwenzake wa kituo cha pili, naye akaupeleka kituo cha kwanza, wakimbiaji wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja, mwandishi huandika 6-4-3 tu, na anayejua kusoma ataliona tukio zima hata baada ya miaka hamsini. Mpigaji aliyekosa mara tatu huandikiwa herufi K, desturi iliyotokana na mwandishi wa habari Henry Chadwick katika karne ya 19. Lakini ikiwa mpigaji alisimama akiutazama tu mpira wa mwisho ukipita bila kuzungusha gongo, K hiyo hugeuzwa ikatazama nyuma.

Mzee alichukua kalamu ya mwanangu, akaichora K iliyogeuka polepole, akasema kwamba hiyo ndiyo herufi inayouma kuliko zote. Mwanangu, ambaye shuleni husoma kwa kusukumwa, aliinamia karatasi ile kwa saa nzima. Mimi nami, niliyekuwa nikicheza raunda katika shule ya msingi na kudhani kwamba huu ni mchezo uleule uliokuzwa, nilitambua kuwa nilikuwa nimekaa karibu na maandishi haya kwa miaka saba bila kuyasoma.

Baada ya somo hilo hata kitabu kilisomeka kwa namna nyingine. Sura inayoeleza kikao cha mwaka 1920 katika jengo la YMCA mjini Kansas City, ambako Rube Foster, mchezaji wa zamani aliyekuwa na timu yake mwenyewe, na wenye timu wenzake waliunda ligi yao, ilinishika kwa sababu nilikwishaelewa ni kazi kiasi gani ilikuwa ikifanyika uwanjani na jinsi kumbukumbu zake zilivyotawanyika. Josh Gibson, mdakaji aliyefariki mwaka 1947, miezi michache kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza katika ligi kuu kwa karne ya 20, hajaingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili, hakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa wapigaji wa ligi kuu akiwa hai. Mwaka 2024, takwimu za Ligi za Weusi zilipounganishwa rasmi na za ligi kuu, wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake yaliyomfikisha kituoni kwa pigo safi, wa .372 ulimpita Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza orodha hiyo kwa .367. Namba hizo zilipatikana kwa sababu watu walikwenda kuchambua magazeti ya zamani na karatasi kama ile iliyokuwa mikononi mwa mwanangu. Kwenye mkutano wa tatu tulizungumza juu ya jambo hilo peke yake, na muda haukutosha.

Safari ya Kansas City ilitupeleka kwenye Jumba la Makumbusho la Ligi za Weusi, mtaa wa 18th na Vine. Mgeni huuona uwanja wenye sanamu za shaba za wachezaji mara tu anapoingia, lakini waya humzuia kuufikia, na hulazimika kuipitia historia yote kwanza ndipo afike kati yao. Nawasihi wanaokwenda na watoto wasiiharakishe sehemu hiyo.

Sasa kasoro, nazo si ndogo. Nakala zilikuwa chache mno. Nilisubiri karibu majuma matatu kupata ya watu wazima, na mkutano wa kwanza ulinipita nikiwa sijasoma hata ukurasa. Mikutano miwili kati ya minne ilipangwa saa nne asubuhi siku za kazi, wakati ambao wazazi wengi tuko kazini. Kubwa zaidi ni lugha. Kulikuwa na nakala za Kihispania, jambo jema, lakini mtaani kwetu zipo familia nyingi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili, na hata karatasi moja ya maelezo haikuandaliwa kwa ajili yao. Jirani yangu kutoka Bukavu alitaka kusoma pamoja na wanawe, basi jioni tatu tulikaa mezani kwangu nikimfasiria toleo la watoto sentensi kwa sentensi. Tulipofika kwenye sura ya wakimbiaji wanaoiba vituo alinisimamisha: "Dada, huyu mwizi, mbona watu wote wanamupigia makofi?" Ilinibidi nichore almasi ile kwenye bahasha na kumsogeza mkimbiaji kwa punje ya harage, mpaka yeye na wanawe wakaona kwamba kinachoibwa ni nafasi, mrushaji akiwa amezubaa.

Nimewaandikia wakutubi kuhusu saa za mikutano na kuhusu Kiswahili, na nimejitolea kuifasiri karatasi ya maelezo mwakani. Walijibu kwa heshima na kuniomba nifike kabla ya kitabu kijacho kuchaguliwa.

Ninaipa programu hii nyota nne kati ya tano, na mzazi mwenye mtoto mgumu wa kusoma namshauri ajiandikishe siku ya kwanza kabisa, aombe nakala papo hapo, na asilikose somo la kumbukumbu. Tulipewa karatasi ishirini za kujaza nyumbani, na hadi leo tumejaza kumi na moja. Ya mwisho ina K tatu zilizogeuka; mwanangu amezizungushia duara ili amuulize mzee ni mirusho ya aina gani iliyowaduwaza wapigaji wale.