WhatsApp Business kwa mwandishi anayejiuzia vitabu: muuzaji mzuri, mpiga debe mbovu

Kwa mwandishi aliyejichapia kitabu na hana msambazaji, hii ndiyo programu ya kwanza kuweka kwenye simu. Ni ya bure, inakaa na WhatsApp ya kawaida kwenye simu moja mradi kila moja iwe na laini yake, na msomaji hana kipya cha kujifunza. Wanaoikatia tamaa mara nyingi ni wale walioipa kazi ya kutafuta wasomaji wapya, nayo hiyo kazi haiiwezi.

Chukua orodha ya matangazo (broadcast list), ambayo ujumbe mmoja unamwendea kila mtu faraghani. Inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Mwandishi anaandikisha namba kwenye daftari siku ya uzinduzi, wiki inayofuata anatuma tangazo, kimya. Anadhani kitabu hakipendwi, kumbe ujumbe haukufika. Stetasi nayo ni hivyo hivyo: lazima kila mmoja awe na namba ya mwenzake. Dawa yake ni ya mezani. Kabla ya kumsainia mnunuzi nakala, mwombe ahifadhi namba yako hapo hapo na akutumie neno moja, nawe uhifadhi ya kwake. Kuwaingiza watu kwenye kundi bila kuwauliza ni hatari zaidi, maana wakikuripoti wengi akaunti inafungiwa.

Inapong'aa ni pale mtu anapouliza bei. Majibu ya haraka, yaani yale unayoyaandika mapema na kuyahifadhi, yanafika 50, na kila moja unaliita kwa mkwaju (/) na neno fupi. Andika /bei, jibu litoke zima: bei ya nakala, namba ya kulipia na jina litakalotokea, gharama ya usafiri na nani anailipa, siku za kutuma. Jibu lisilo na usafiri ndani yake linazaa maswali mengine matatu, na mnunuzi wa mkoani anapotelea hapo. Ongeza /basi kwa maelezo ya kupokea kifurushi: jina la basi, ofisi ya kuchukulia, na namba ya simu ya mpokeaji iandikwe juu ya bahasha, si ndani.

Lebo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo ya kila mteja, zinasaidia kuliko zinavyosifiwa. "Inasubiri malipo" na "Imelipwa" peke yake zinatosha kukuokoa usitume kitabu mara mbili au usisahau aliyekwisha kulipa. Katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako ndani ya programu, inatosha na kubaki: bidhaa 500, picha 10 kwa kila moja. Weka jalada la mbele, la nyuma, yaliyomo, na ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza, upigwe mchana hadi usomeke. Kasoro yake ni kwamba haihesabu nakala zilizobaki. Toleo likiisha, ufiche mwenyewe, la sivyo maagizo yataendelea kuingia.

Malipo ndani ya programu hayapo kwa Tanzania wala Kenya. Mteja anatoka, analipa kwa Lipa Namba au tili, anarudi na picha ya ujumbe. Picha hiyo usiiamini, kwani kughushi ni rahisi. Angalia salio lako kwanza.

Nakala laini ndiyo sehemu dhaifu kabisa. PDF ukishaituma, inasambazwa kwa mguso mmoja, na ile njia ya "kutazama mara moja" ni ya picha, video na sauti, haigusi nyaraka. Hapa tuma sura moja ya kuonjesha, kitabu kizima kiuze kwa karatasi au kwenye jukwaa linalofunga faili lisinakiliwe.

Kuna matumizi mamoja ambayo waandishi wengi hawayatumii: ukurasa wa mwisho wa kitabu. Chapa msimbo wa QR wa kiungo cha wa.me kikifuatwa na namba yako, ukianza na 255 au 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Anayemaliza kusoma anaskani, anaangukia kwako akiwa bado na hamu ya kitabu kingine. Usichape ule msimbo unaotengenezwa ndani ya programu, kwa sababu ukiubadilisha siku moja, uliochapwa unakufa. Na laini hiyo iwe na salio na matumizi ya mara kwa mara. Ikifungwa na kampuni ya simu akapewa mtu mwingine, kila nakala iliyoko mitaani itakuwa inampelekea yeye wasomaji wako.