TAHADHARI: fundi wa hapa Mtwara kanipiga 190,000 ya CV jointi

Jamani hata kuandika naona aibu, mtu mzima nimelizwa mchana kweupe. IST yangu mnaijua, tangu ile safari ya Newala mbele kushoto ikawa inalia tak tak tak nikikata kona, barabara ikinyooka kimya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina siweki ila majirani zake mtamjua tu.

Alinipokea vizuri huyo, "karibu shemeji", akaingia na Kimakonde, kumbe kwao na kwa mama watoto ni vijiji vya jirani, sasa mtu kama huyo unamkataaje? Akapiga jeki, akazungusha tairi, akasema CV jointi ya nje (kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi hata ukikata kona) imekufa, na hapo hakudanganya, buti (mpira unaoifunika) imechanika na grisi imerukia rimu kwa ndani nimeiona mwenyewe. Mpya anayo, 160,000, ufundi 30,000. Nikatoa, hela ya korosho si ndo ilikuwa imeingia. Akasema shem jua kali hili, kapate chai hapo ng'ambo. Nikaenda! Nikaagiza na mihogo, niko na simu nacheka peke yangu, mwenzangu huku anaosha chuma changu kwa petroli. Narudi nakuta buti mpya inang'aa, boksi tupu liko chini, na chuma kilicholika kanifungia kwenye kiroba, "ya zamani hii shem, kajionee". Nikamuachia na elfu mbili ya soda juu!!

Siku mbili kimya, kumbe ni grisi mpya tu. Ya tatu niko Mikindani nageuza gari, tak tak tak. Fundi wa kule akafungua, akafuta grisi, chuma kilekile, gololi zimekula vishimo, kilichobadilishwa ni buti peke yake. Na kile cha kwenye kiroba tukakijaribu, meno yake hayaingii hata kwenye habu yangu ya tairi, sijui alikitoa kwenye gari gani.

Huyu afungiwe gereji, alale polisi, na mihogo yangu anilipe. Fundi akikutuma chai we kaa hapohapo, na ya zamani na mpya ziwekwe pamoja uhesabu meno kabla hajafunga, mimi hata boksi sikuliona likifunguliwa.

Jana nimempigia, eti "shem, grisi bado haijazoea". HAIJAZOEA! Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwake na kiroba chake.