Nililipia programu ya akili mnemba initengenezee matangazo ya magauni: uzoefu wangu

Nauza magauni ya vitenge na ya kanga. Nina fremu ndogo Kariakoo, ila sehemu kubwa ya mauzo inatoka kwenye simu: Instagram, TikTok na status ya WhatsApp, halafu mzigo unapanda basi kwenda mkoani. Mteja wa Mbeya hajawahi kukanyaga dukani kwangu. Anachonijua nacho ni zile sekunde chache za video.

Mwaka jana matangazo ya hizi programu yakawa yananifuata kila nikifungua simu. Unaweka picha ya bidhaa yako, unachagua mtu kwenye orodha yao, unaandika maneno, na muda si mrefu unapewa video ya dada anayeongea mbele ya kamera, kachangamka, utadhani ni mteja aliyepokea mzigo wake jana. Nikalipia. Malipo ni ya mwezi kwa mwezi, kwa dola, na kadi ya mtandaoni ya kwenye simu ilikubali bila usumbufu. Jina la programu siliweki. Ziko nyingi na zinafanya kazi kwa mtindo mmoja, na ninayoyasema yanahusu mtindo huo.

Nianze na kilichonipendeza. Kwanza kasi: jambo ambalo lingenichukua nusu siku ya kubembeleza mtu asimame vizuri linaisha kabla chai haijapoa. Pili, inakupa mianzo kadhaa ya tangazo moja. Sisi wauza nguo tuna ugonjwa wa kuanza na "Habari zenu wapendwa wateja wetu, karibuni sana dukani kwetu," na mtu keshapita zamani. Programu ilikuwa inaanza na nguo yenyewe, au na swali. Hiyo sehemu ya kupanga maneno bado naitumia, ingawa kwa hilo tu hata programu za bure za kuandika zinatosha.

Shida ni kitambaa.

Kitenge kizuri kina ua kubwa, na fundi anayejiheshimu analilinganisha kifuani na kwenye mshono wa kati ili lisikatike vibaya. Hiyo ndiyo kazi ninayoiuza. Programu ilipewa picha moja ya gauni, ikamvalisha dada yao. Akiwa ameangalia mbele, sawa. Akigeuka, ua linabadilika: petali zinageuka majani, majani yanageuka madoa, na zipu ya mgongoni haipo kabisa. Halafu kitenge cha pamba kikiwa kipya ni kigumu, kinasimama mbali na mwili na mikunjo yake ina makali. Kwenye video kilikuwa kinateleza kama satini. Mtu akinunua kwa kuiona ile video, akafungua mfuko na kukuta kitambaa kinachosimama, atasema nimemtumia kitu kingine, na atakuwa na haki.

Gauni la kanga ndilo lililotia fora. Fundi wangu huwa analiweka jina la kanga kwenye pindo la chini makusudi, lisomeke mtu anapotembea. Programu ikatoa pindo zuri lenye herufi zisizo za lugha yoyote duniani. Binti anayenisaidia dukani alijaribu kulisoma kwa sauti, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini mwanamke wa huku akiona kanga, macho yanaenda kwenye jina kabla hajaangalia rangi. Huwezi kumwekea herufi za kubuni halafu umwambie hiki ni kitu halisi.

Sauti ya Kiswahili ipo, na maneno yanasikika. Bei ilinibidi niiandike kwa maneno, "elfu thelathini na tano", maana nikiweka tarakimu inasoma Kiingereza. "Inang'aa" ikawa inatoka "inangaa". Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni ule mwenendo wa msoma taarifa ya habari: "Vazi hili maridadi linafaa kwa hafla mbalimbali." Nani anaongea hivyo Kariakoo? Wateja wangu wanauliza mambo yaleyale kila siku: inachuja? Inaonyesha? Saizi ya sisi wanene ipo? Mkono unapanuka? Yule dada wa kompyuta hatoki jasho, habanwi na kwapa, wala hainami kuokota kitu tukaona gauni linapandaje nyuma.

Tena kuna suala la ukweli. Maneno ambayo programu ilinipendekezea yalikuwa ya namna hii: "Nililinunua wiki iliyopita na sijajuta." Aliyelinunua ni nani? Hayupo. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha kanuni mwaka 2024 inayokataza ushuhuda wa wateja wa uongo, ukiwemo wa watu wasiokuwepo waliotengenezwa na akili mnemba. TikTok nao wanataka video ya akili mnemba inayoonekana kama kweli iwekewe alama. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sheria hiyo haijali kama umempotosha kwa mdomo wako au kwa mdomo wa kompyuta. Nikaiondoa ile sentensi kabla ya kuposti chochote. Nikabaki na dada ambaye hawezi kusema amelivaa, hawezi kusema linachuja au halichuji. Sasa anafanya nini kwenye tangazo langu?

Makampuni makubwa nayo yanahangaika na hilihili. Toleo la Agosti 2025 la Vogue ya Marekani, jarida la mitindo, lilitoka na tangazo la kampuni ya nguo ya Guess lenye mwanamke wa akili mnemba, likitajwa hivyo kwa maandishi madogo, na watu wakachachamaa. Guess wana uwezo wa kuhimili kelele. Mimi mteja mmoja akisema kwenye maoni "hii ni feki", naanza kujibu maswali usiku kucha.

Kilichouza, katika kipindi hichohicho, ni simu yangu na CapCut, programu ya kukata na kuunga video. Dada mmoja alikuja kuchukua gauni lake la sendofu, akaingia nyuma ya pazia, akatoka akilalamika mkono unabana. Fundi akamjibu bila kuinua kichwa: "Ndani nimeacha kitambaa cha kutanulia, nipe dakika kumi." Binti wangu alikuwa anarekodi, kwa ruhusa. Watu wengi wangekata yale malalamiko. Mimi niliyaacha, na ndiyo yaliyoleta wateja. Jioni yote naulizwa kama magauni yote yameachiwa kitambaa ndani. Video nyingine iliyotembea ni ya kitenge kilichofuliwa kimewekwa pembeni ya kipya cha ua lilelile, halafu kitambaa cheupe kilicholowa kinasuguliwa juu yake. Haina mtu, haina muziki, ni mkono tu na beseni.

Kwa anayetaka kufuata njia hiyo: rekodi asubuhi karibu na mlango, zima taa nyeupe za dukani. Zambarau na damu ya mzee ndizo rangi zinazodanganya kuliko zote kwenye kamera, kwa hiyo bonyeza kioo kwa muda mrefu juu ya kitambaa ili mwanga ujifunge usicheze mtu akisogea. Shika simu wima, 1080 kwa 1920. Maandishi yasikae chini kabisa wala ukingoni kulia, maana TikTok wanaweka maelezo na vitufe vyao hapo na bei yako itafunikwa. Na bei iandike! Hii tabia ya "bei njoo DM" inachosha watu.

Muziki usikupe presha. Akaunti ya biashara ya TikTok inapewa maktaba yake ya nyimbo za kibiashara, kwa hiyo ule wimbo wa Bongo Fleva unaovuma unaweza usiupate. Naacha mlio wa cherehani na kelele za mtaani, nazipunguza kidogo mtu akiongea.

Mteja anayekubali kuonekana nampunguzia bei, na kwenye video tunasema kwamba kapunguziwa. Ruhusa naiomba kwa ujumbe wa WhatsApp ili ibaki maandishi, kwa sababu sura ya mtu ni taarifa yake na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuna mmoja alinipigia baadaye, wakwe zake wameiona video na hawajafurahi. Niliifuta siku hiyohiyo, ingawa ilikuwa inafanya vizuri.

Kwa magauni ya vitenge na kanga, ile programu naipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kuandika maneno na za kasi. Anayeuza fulana za rangi moja au mabegi meusi anaweza kufurahi zaidi, maana hakuna ua la kuharibu, na kubadilisha mandhari ya picha inafanya vizuri kweli. Hata huyo asimweke dada wa kompyuta kutoa ushuhuda.

Ukitaka kuijaribu, chukua mwezi mmoja, usichukue mwaka hata wakikuwekea punguzo. Na ukiamua kuacha, kuifuta kwenye simu hakusimamishi makato. Ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya malipo, usitishe usajili kabla ya tarehe ya kukatwa, halafu kadi ya mtandaoni usiiachie salio.